Kuwahi mizani: Mwanza hadi Musoma kwa Land Rover ya Mjomba

Alhamisi, Igoma

Habari ilifika gereji ya Nyakato juzi jioni: Musoma kuna Peugeot 404 iliyolala bandani tangu mwenyewe afariki, na mnunuzi wa chuma chakavu ameshaanza kuizungukazunguka. Huyo hanunui gari, ananunua kilo. Peugeot 404 inazidi tani moja, kwa hiyo hesabu yake ni nyepesi na pesa yake ni taslimu. Mjomba alisikiliza, akamalizia kahawa, akaniambia, "Mpwa wangu, Ijumaa tunaondoka." Hakuuliza kama nina nafasi.

Wenye magari ya zamani hapa Mwanza si watu wa maonyesho. Ni mwalimu mstaafu, ni fundi cherehani, ni mtu aliyewahi kuwa dereva wa shirika fulani, kila mmoja na gari lake moja au mawili uani, chini ya mwembe au turubai la bluu. Ukimwita mkusanyaji atakucheka. Atakwambia hajapata tu moyo wa kuliuza.

Leo tulipita kwa mmoja wao kuazima jeki. Ana Morris Minor mbili, moja inatembea na nyingine inailisha spea. Gari hili lilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1948, kazi ya Alec Issigonis, yule yule aliyekuja kubuni Mini, na zilitoka zaidi ya milioni 1.6 kabla kiwanda hakijaziacha mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mzee alifungua swichi tu, bila kuwasha, tukasikia pampu ya petroli ikigonga tiki tiki tiki halafu ikanyamaza. Hapo kabureta imeshajaa. Watoto wa jirani hawana habari na pampu. Wao wanataka kile kimkono chenye taa kinachochomoza kwenye nguzo ya mlango dereva anapotaka kukata kona. Zilizotoka baada ya 1961 zilifungwa indiketa za kawaida, na mzee anazihesabu kuwa zimepunguzwa utamu.

Kero yake ni petroli. Injini ile ilibuniwa kwa petroli yenye risasi, na risasi ndiyo iliyokuwa ikivilinda viti vya vali. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzo wa 2006. Kwa mapafu ya hao watoto ni jambo jema kabisa. Kwa kichwa cha silinda cha zamani, chuma laini huliwa kidogo kidogo mpaka vali zikakosa mahali pa kukaa. Dawa ni kuchonga na kupachika viti vigumu, na yeye ameshafanyiwa kazi hiyo na fundi wa Mabatini. Alipofungua boneti ili tuone, Mjomba akaona kitu kingine: dainamo ya kuchaji betri haipo, pale pamefungwa alteneta ya Toyota.

"Hii sasa si Morris," Mjomba akasema.

"Ya kwako ina dainamo, inawaka usiku?" mzee akamjibu.

Ubishi huu hauishi katika vijiwe vyetu. Mjomba ni wa chama cha asilia: kila skrubu iwe kama ilivyotoka kiwandani. Mimi naona gari lililofungwa cha Toyota likaenda sokoni na kurudi ni zima kuliko asilia linalotagiwa mayai na kuku. Kwa heshima nilinyamaza, tukachukua jeki.

Ijumaa, Igoma hadi Bunda

Tumeondoka kabla jua halijachomoza, na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga kwenye mfuko. Land Rover ya Mjomba ni Series IIA ya petroli, ile ndefu ya inchi 109 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, taa zake bado zimekaa karibu na pua. Mwishoni mwa miaka ya 1960 taa zilihamishiwa kwenye madigadi, na kwa hizo taa tu mtu wa magari atajua umri wake akiwa ng'ambo ya barabara. Inakunywa lita moja kwa kilomita 5 au 6. Gia ya kwanza na ya pili hazijilinganishi zenyewe: unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia, unapiga resi kidogo, unakanyaga tena ndipo unaingiza. Ukikosea, gia inakutukana na abiria wote wanasikia. Mjomba hakosei. Mimi nilipewa usukani baada ya Kisesa, tulipokwisha kuipita njia ya Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma, na naomba tuendelee na habari nyingine.

Magu tulisimama kunywa chai, na hapo ndipo nilipoona ushindani wetu ulivyo. Nyuma ya vibanda kulikuwa na vijana wanaoyeyusha alumini kutengeneza sufuria. Wana tanuri la mkaa, wana feni ya kupuliza moto, na pembeni kuna lundo la pistoni, rimu, magamba ya giaboksi. Katika lundo, mlango wa Land Rover.

Sababu ni hii. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu wa chuma huku alumini ya viwanda vya ndege ikipatikana, basi Land Rover ilipotoka mwaka 1948 ikavishwa bodi la aloi ya alumini. Ndiyo maana bodi halishiki kutu. Chesisi ni ya chuma, inaoza kwa ndani ambako matope hukaa bila kuonekana, na ikishakatika mwenye gari hukata tamaa, bodi likiwa bado zima. Likiwa zima hivyo linaenda kupikiwa ugali. Nimekula sana ugali wa sufuria hizi na sina ugomvi na wanaozitengeneza, lakini naomba mwenye bodi aulize kwanza kama kuna anayelihitaji.

Mjomba aliusalimia ule mlango kabla ya wenyewe. Kisha akageuka: "Mwangaluka, vijana. Huu mnauzaje?" Wakauweka kwenye mizani. Akalipa kwa kilo, bei ya sufuria, bila kupunguziwa hata shilingi, na akatembea kurudi garini akiwa ameukumbatia.

Ziwa hapa hutuonea huruma kwa jambo moja ambalo wenzetu wa Tanga na Unguja hawana: maji yake si ya chumvi. Upepo wake unaleta unyevu na mbu tu. Gari lililoegeshwa juu ya matofali, chini ya paa, hudumu muda mrefu sana huku kwetu. Panya ndio wabaya. Wanakula waya.

Lamadi kuna Bedford, lori la pua ya mviringo, mali ya dereva mstaafu aliyebeba pamba ujana wake wote. Wasukuma walilima, vyama vya ushirika vikanunua, na Victoria Federation of Co-operative Unions, iliyoanzishwa mwaka 1955 na kuongozwa na Paul Bomani, ikawa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika Afrika. Malori kama hili ndiyo yaliyokuwa yakipeleka marobota. Mwenyewe hakutaka kusimulia habari za ushirika. Alitaka tusikie honi. Tukaisikia, na ng'ombe wa Lamadi nao wakaisikia.

Tumelipita lango la Ndabaka, Serengeti ikiwa kulia na Ghuba ya Speke ikimetameta kushoto, nyani wamekaa kando ya lami. Mjomba alibadilisha gia kumpisha basi, tukasikia "tak!" nyuma. Injini inanguruma, gia imeingia, gari halina habari.

Ilikuwa shafti ya gurudumu la nyuma kulia, spea ya bandia aliyouziwa mwaka jana kwenye duka moja ambalo halina haja ya kutajwa. Imekatika karibu na meno ya difu, na ndani ya mkato chuma kina chembechembe za kijivu. Lakini Series IIA haikuachi porini kirahisi. Tulifungua boliti za kitovu cha gurudumu, tukavuta kipande cha nje, tukaziba tundu kwa kipande cha mpira na kitambaa mafuta yasimwagike. Kisha Mjomba akabonyeza kile kitufe cha njano sakafuni, nguvu ikaenda kwenye magurudumu ya mbele, na tukaingia Bunda tukivutwa, mwendo wa baiskeli. Watoto wa barabarani walitupita mara mbili.

Jumamosi, Bunda hadi Musoma

Asubuhi yote imeishia kwa fundi mmoja chini ya vilima vya Balili. Alitumia sumaku iliyofungwa kwenye waya kuvua kipande kilichobaki ndani ya difu. Halafu akaingia stoo akarudi na shafti aliyoitoa kwenye Land Rover iliyokufa zamani, meno 10 upande wa difu, sawa na yetu, imechakaa lakini ya kiwandani. Mjomba aliiinua akaniangalia. Hapo nilikubali: katika shafti, chama cha asilia kimeshinda. Kwenye alteneta nasubiri.

Fundi alikataa kutaja bei mpaka tumalize kula. Sato na ugali. Bei ilikuwa ya kindugu.

Barabara ya mchana ilikuwa tulivu. Kiabakari, tukiwa karibu na njia ya Butiama, Mjomba akaanza habari za magari ya Mwalimu yanayotunzwa Makumbusho ya Taifa kule Dar es Salaam, Rolls-Royce ikiwamo. "Ya rais yanalindwa na serikali," akasema. "Ya mwalimu wa shule ya msingi yatalindwa na nani?" Yeye mwenyewe alifundisha shule ya msingi maisha yake yote, kwa hiyo jibu alikuwa nalo.

Tumefika Musoma jioni, tukalala nyumba ya wageni karibu na Bweri.

Jumapili, Musoma

Mama wa nyumba yenye lile gari alitoka kanisani akatukuta tumesimama mlangoni kwake. Tukaamkiana. Mimi nikampa shikamoo, Mjomba akajitambulisha kuwa mwalimu wa zamani kutoka Mwanza. "Karibu, mwalimu," akasema, na hakumwita jina jingine mpaka tunaondoka.

Banda ni la mabati. Ndani, chini ya vumbi na magunia, ilikuwa Peugeot 404, ile ndefu ya safu tatu za viti. Marehemu alikuwa akibeba abiria Musoma hadi Tarime, na mama anakumbuka nani alizoea kukaa wapi. Mstari wa bodi lake ni wa Pininfarina wa Italia, gari lilianza kuuzwa mwaka 1960, na ukilitazama ubavuni bado lina majivuno. Gia yake iko kwenye usukani.

Jirani, mzee mwenye fimbo, alikuja bila kuitwa na akatoa hotuba ambayo naiandika kwa sababu ni kweli tupu. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya magari ya East African Safari mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na 1968, mvua na matope vilifanya kazi yake, yakafika magari 7 tu kila mara, na mara zote mbili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff. Katikati hapo alishinda mara mbili mfululizo Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell. "Wa kwetu yule," mzee akasema akigonga fimbo chini.

Akaongeza kwamba Jumapili kama hii, miaka ile ya uhaba wa mafuta baada ya vita vya Kagera, magari binafsi yalikatazwa barabarani kuanzia saa 8 mchana, na kwamba marehemu alikuwa akifika nyumbani dakika za mwisho kabisa, honi ikilia kutoka mbali. Mama akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichonifahamisha kwamba hataki kuuza, tena kabla yeye mwenyewe hajajua.

Tukafungua boneti. Injini ya 404 imelazwa nyuzi 45 upande mmoja, boneti likapata kuwa fupi. Silinda zake si za kutobolewa ndani ya bloku, ni slivu, yaani mirija ya chuma inayochomolewa, na maji yanazizunguka. Siri ya magari haya kudumu Afrika iko hapo: slivu ikiisha unachomoa, unaweka nyingine na pistoni yake, wala huhitaji mashine ya kuchonga bloku. Fundi anaweza kuifanya kazi hiyo chini ya mti. Ubaya wake ni kwamba sili za chini ya slivu zikikauka kwa miaka, maji hushuka kwenye oili. Mjomba alivuta kijiti cha kupimia, sote tukainama. Oili ya kawaida ingekuwa nyeusi, na iliyoingia maji hugeuka kama chai ya maziwa. Ilikuwa nyeusi.

Tulitoa plagi nne, tukamimina oili kidogo katika kila tundu, tukaiacha ilale. Petroli ya kwenye tanki ilinuka vanishi, tukaimwaga yote. Panya walikuwa wamekula waya za taa za nyuma, wakaziacha za injini. Bahati.

Jioni, kwa uji, mama alitoa sababu ya kumwita mtu wa mizani. Si njaa ya pesa. Alikuwa anaogopa deni. Ada ya leseni ya barabara, alijua, inaongezeka kila mwaka gari likiwa limelala, na siku moja watakuja kumdai yeye au wanawe. Mjomba aliweka kikombe chini taratibu. Ada hiyo ya kila mwaka ilifutwa katika bajeti ya 2017/18, ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta, na malimbikizo yakasamehewa. Gari lisilonunua mafuta halidaiwi kitu. Mama akauliza mara mbili. Akajibiwa mara mbili.

Jumatatu, Musoma

Asubuhi Mjomba aliingiza hendeli kwenye tundu la bampa, akajaribu kuzungusha kwa mkono. Haikwenda. Akaigonga hendeli mbele na nyuma, kidogo kidogo, bila hasira, muda mrefu, mpaka ikaachia. Watu wengi huharibu hapa kwa kufunga betri na kulazimisha stata, pete za pistoni zinavunjika zikiwa zimegandia.

Nilipewa distribyuta, ile inayogawa umeme kwa plagi. Nikazipiga msasa laini zile pointi, nikakausha kifuniko. Kabureta tulifungua tukaiosha, tukaning'iniza chupa ya petroli safi juu ya boneti badala ya kuamini tanki. Betri tuliazima kwenye Land Rover.

Tukiwa hapo akaingia mtu wa mizani na pikapu yake. Kijana mpole, ana vijana wawili na mnyororo. Alisalimia vizuri, akaketi kwenye tofali kutazama.

Mjomba akapiga stata. Ikakohoa. Akapiga tena, moshi mweupe ukatoka na kiota cha kitu fulani kikaruka kutoka kwenye paipu ya nyuma. Mara ya tatu ikashika, silinda tatu kwanza, halafu ya nne ikajiunga, na banda lote la mabati likaanza kutetemeka. Mama alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi. Hakusema kitu. Akafungua mlango wa abiria, akapangusa kiti kwa upindo wa kanga, akapanda akakaa.

Breki hazikuwapo kabisa, silinda za magurudumu zimegandia na raba zimekufa, kwa hiyo gari halikwenda popote. Lakini biashara ya mizani iliishia hapo. Kijana akacheka akasema, "Mama, mimi sinunui kinachonguruma." Aliomba ile petroli mbovu tuliyomwaga kwenye ndoo, akapewa.

Kisha likaja lile ambalo Mjomba hakulitegemea. Alikuwa ameweka akiba, anayo kwenye soksi, nami nilijua kiasi chake. Alikohoa, akazunguka maneno, akafika kwenye bei. Mama akamsikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu, ulisema halidaiwi?"

"Halidaiwi, mama."

"Na breki zinapatikana?"

"Zinapatikana, ila kwa kutafuta."

"Basi nitafutie. Gharama ni yangu. Likitembea nitakwenda nalo Tarime mwenyewe, mjukuu ataendesha."

Mjomba alinitazama mimi, mimi nikatazama injini. Alikuja kuliokoa gari lisiuzwe kwa kilo na limeokoka, tena bila yeye. Alijibu vizuri, lazima nimsifu. Alisema, "Sawa, mama," akaomba karatasi akaandika vipimo vya silinda za breki kwa mwandiko wa ubaoni.

Jumanne, kurudi

Hadi Bunda hakusema neno. Tulimpitia fundi wa Balili kumwonyesha kwamba shafti yake inafanya kazi, akatupa na papai.

Baada ya Lamadi ndipo akafungua mdomo. "Yule wa Kirumba mwenye 404 pikapu, breki zake za mbele si ni sawa na hizi?"

"Nadhani ni sawa."

"Atauza?"

"Mjomba, yule hauzi hata kioo."

Akaendesha kidogo. "Raba zenyewe tu basi. Tukimpelekea kipimo, yule wa pale Mlango Mmoja anayechonga raba za pampu za maji, hawezi kuchonga?"

Raba ya kuchongwa mtaani, kwenye Peugeot 404, na anayesema hivyo ni Mjomba. Nilitaka kumkumbusha habari za alteneta ya Igoma, nikamwacha.

"Za breki hapana," nikamwambia. "Za breki tutafute za kiwandani."

"Ndivyo nilivyotaka useme," akasema, akakanyaga klachi mara mbili kuingiza gia ya pili.